Maswali ya Wasomaji: Siku ya Mchoraji na Chemchemi za Picha Zake

Barua za mwezi huu nimezisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu nyingi zinagusa jambo lililo karibu sana na moyo wangu: mchoraji huishije siku yake ya kawaida, na picha anazochora huzitoa wapi. Nimechagua tano, nikazifupisha pale ilipobidi, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

Shikamoo, mwalimu. Nimejinunulia rangi, brashi na kanvasi, na kila jioni nikitoka kazini hukaa mbele ya kanvasi hiyo nikingoja ilhamu. Hii ni wiki ya tatu na bado haijaja. Je, yawezekana sina kipaji?

Marahaba, mwanangu. Usikihukumu kipaji chako kwa wiki tatu ambazo mkono wako haujagusa rangi. Nami nilianza kwa kungoja, na nilikuja kutambua baadaye kwamba mawazo mengi ya picha hunijia nikiwa tayari kazini, pengine brashi inapoacha alama nisiyoitarajia, nikaipenda, nikataka kujua imetokeaje. Kwa hiyo leo jioni iache kanvasi ilipo. Chukua karatasi na penseli, weka kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, kisha kitazame kwa dakika kumi kabla ya kuchora mstari wowote.

Utakachokiona kwanza ni kwamba weupe ule una rangi nyingi ndani yake. Upande unaopokea anga una weupe wa baridi unaokaribia buluu, ilhali upande unaokielekea chumba umeingia rangi ya ukuta na ya meza. Kivuli cha kikombe juu ya kitambaa kina ukingo mkali pale kinapoanzia, na kadiri kinavyokwenda mbali ukingo huo hulegea mpaka usiweze kusema kimeishia wapi. Tazama pia tumbo la kikombe kwa chini, mahali ambapo ungedhani pana giza kuliko kwingine kote: kitambaa kinaurudisha mwanga juu, na giza halisi limejikusanya kwenye ufito mwembamba mno, pale kikombe kinapogusana na kitambaa. Ukishayaona hayo, utajikuta unajiuliza buluu ile utaichanganya vipi, na ukingo unaofifia utaupata kwa brashi kavu au kwa kidole. Kwangu mimi maswali ya namna hiyo ndiyo ilhamu yenyewe, na yote yametoka kwenye kikombe ulichokuwa ukikipita kila siku.

Leonardo da Vinci aliwahi kuwashauri wachoraji wazitazame kuta zenye madoa na mawe yenye rangi mchanganyiko, kwa kuwa ndani yake mtu aweza kuona milima, mito, nyuso na hata watu wakipigana. Ushauri huo naupenda kwa sababu haumwagizi mchoraji kusafiri popote.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ningependa kuwa mchoraji. Wazazi wangu wanauliza mchoraji hufanya nini kutwa nzima. Nami sijui niwajibu nini.

Waambie, mwanangu, kwamba ni kazi kama kazi nyingine, yenye saa zake na uchovu wake. Kwa upande wangu, jambo la kwanza asubuhi ni kuigeuza picha ya jana, ambayo usiku kucha huiacha imeuelekea ukuta. Nafanya hivyo kwa makusudi, kwani jicho lililolala huona makosa ambayo jicho lililochoka liliyazoea. Nisipoyaona, huitazama picha hiyo kupitia kioo: kulia kunapogeuka kuwa kushoto, uso uliopinda au nyumba iliyoinama hujitokeza mara moja.

Baada ya hapo ni suala la mwanga. Wachoraji wa kaskazini mwa ikweta wamependelea tangu zamani dirisha linaloelekea kaskazini, na wa kusini hutaka la kusini, kwa sababu dirisha la namna hiyo haliingizi jua la moja kwa moja, na vivuli hutulia kwa muda mrefu. Asiye na dirisha la aina hiyo hupanga kazi yake kulingana na saa: kuchanganya rangi na kuchora wakati mwanga umetulia, kisha kukaza vitambaa kwenye fremu, kuvipaka rangi nyeupe ya msingi na kuvisugua kwa msasa wakati mwanga umeharibika. Kuna pia saa za kuwajibu wanunuzi, kupiga hesabu na kufunga picha zinazosafirishwa, na saa hizo ni sehemu ya kazi hata kama hakuna azionaye.

Wazazi wako huenda wakastaajabu pia kusikia kwamba mchoraji wa rangi za mafuta huwa na picha nne au tano zinazoendelea kwa pamoja. Sababu yake ni kwamba rangi hizo hazikauki kama nguo iliyoanikwa. Mafuta ya mbegu za kitani, yanayoshikamanisha rangi, huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu, na tabaka moja laweza kuchukua siku kadhaa, na likiwa nene, hata wiki nyingi. Ndiyo maana tunafundishwa kwamba tabaka za chini ziwe na mafuta machache na za juu ziwe na mafuta mengi zaidi, kwa kuwa tabaka la juu likikauka kabla ya lile lililolibeba, picha itapasuka. Wakati picha moja inakauka, mkono huhamia kwenye nyingine, na mara nyingi tatizo la picha ya kwanza hupata ufumbuzi wake ndani ya picha ya tatu.

Jioni ni ya kuosha brashi, kwa tapentaini kwanza na kisha kwa sabuni, hadi povu litoke jeupe. Hapa nakusihi sana jambo moja, wewe na kila anayeanza: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike pembeni. Yanapovuta oksijeni hutoa joto, na joto hilo likikosa njia ya kutokea ndani ya rundo, matambara huweza kuwaka yenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Yatandaze moja moja nje yakauke, au yatie katika kopo la bati lenye maji na kifuniko. Nimewahi kulishika rundo la namna hiyo likiwa na joto la kuniogopesha, na tangu siku hiyo sijawahi kufunga mlango wa chumba changu cha kazi kabla ya kuyahesabu.

Ndugu mwandishi, nimekuwa nikichora mti mmoja ulio mbele ya nyumba yangu kwa karibu mwaka mzima. Rafiki zangu wanasema nimeishiwa mawazo. Je, wana haki?

Hawana, na nisingependa uuache mti huo kwa sababu yao.

Claude Monet alichora marundo ya ngano yaliyokuwa karibu na nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, katika miaka ya 1890 na 1891, akapata picha zipatazo 25. Alikuwa akitoka na kanvasi kadhaa, na kila mwanga ulipobadilika aliiweka kando aliyokuwa akiishughulikia na kuichukua ile iliyolingana na saa hiyo. Marundo yalikuwa yaleyale, lakini kilichochorwa kilikuwa hewa iliyoyazunguka: ukungu wa asubuhi, theluji, jua linalozama. Ilisaidia kwamba wakati huo rangi zilikuwa zikiuzwa ndani ya mirija ya bati laini, uvumbuzi ambao John Goffe Rand aliupatia hataza mwaka 1841. Kabla yake rangi iliyosagwa ilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vikishatobolewa havikuzibika vizuri, na kwenda navyo shambani kulikuwa usumbufu mkubwa.

Paul Cézanne naye aliurudia mlima wa Sainte-Victoire, kusini mwa Ufaransa, kwa miaka mingi. Mwezi Septemba 1906, wiki chache kabla ya kufariki, alimwandikia mwanawe kwamba ukingoni mwa mto alikokuwa akichora angeweza kujishughulisha kwa miezi bila kuhama, kwa kuinama tu kidogo kulia au kidogo kushoto. Maneno hayo ya mzee wa miaka 67 nimeyatafakari mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya kitu nilichokwisha kukichora mara kumi. Nikisogea hatua moja, tawi lililokuwa limelifunika lile la nyuma huliachia, nafasi ya anga kati yake hubadilika umbo, na picha nzima hulazimika kupangwa upya.

Anayenigusa zaidi, hata hivyo, ni Giorgio Morandi, aliyeishi Bologna, Italia, pamoja na dada zake, akichora katika chumba hichohicho alicholala. Kwa miongo kadhaa, hadi alipofariki mwaka 1964, alichora chupa, makopo na vyombo vya maua vilivyokuwa vyake, akivisogeza, akivikusanya, akivitenganisha. Baadhi alivipaka rangi isiyong'aa ili mng'ao wa kioo usimsumbue. Mtu akizitazama picha hizo kwa haraka ataziona zinafanana, lakini akikaa nazo ataanza kuhisi kwamba chupa mbili zilizogusana na chupa hizohizo zilizoachana kwa upana wa kidole ni habari mbili tofauti kabisa. Huyo hakuishiwa mawazo. Alikuwa amelipata lake mapema, akalitumikia.

Basi endelea na mti wako, ila nyuma ya kila picha andika tarehe na saa. Mwaka ukitimia zipange zote sakafuni kwa mfuatano, uwaite rafiki zako waje kutazama.

Je, ni vibaya kuchora kwa kutazama picha niliyopiga kwa simu?

Si vibaya. Fahamu tu kwamba kamera huvijaza vivuli weusi ambao macho yako hayakuuona, na mara nyingi huyaunguza maeneo yenye mwanga mkali hadi yakabaki meupe matupu. Itumie kukumbuka umbo na mpangilio, lakini rangi zichukue ukiwa palepale: michirizi mitano au sita ya rangi kwenye karatasi, na maneno machache pembeni yake, kama vile “kivuli kina zambarau” au “ukuta una joto kuliko anga”. Michirizi hiyo itakufaa kuliko picha kumi za simu.

Mwalimu, nina mtoto mchanga. Kabla ya kujifungua nilikuwa nikichora kila siku, lakini sasa napata nusu saa, na siku nyingine hata hiyo siipati. Naogopa kwamba mkono wangu unakufa. Nifanyeje?

Dada yangu, hongera kwa mtoto, na pole kwa hofu hiyo, ambayo naifahamu vizuri. Mkono haufi kwa miezi michache. Unachohitaji kwa sasa ni kubadilisha vifaa na kipimo cha kazi. Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941, alishindwa kusimama mbele ya kiegemeo, kile kinachoshikilia picha inapochorwa, kwa saa nyingi kama zamani. Polepole aliuhamishia ubunifu wake kwenye mkasi: wasaidizi walipaka karatasi rangi, naye akazikata akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, na kazi zake nyingi zipendwazo zaidi zilitoka humo. Frida Kahlo alianza kuchora kwa bidii akiwa amelazwa kitandani baada ya ajali ya basi ya mwaka 1925, akiwa na kiegemeo kilichotengenezwa ili aweze kuchora amelala na kioo kilichofungwa juu yake. Kwa kuwa uso wake ndio uliokuwa mbele yake, akauchora huo. Hali yako si ugonjwa, lakini imekuwekea mipaka kama yao, na mipaka hiyo yaweza kukuelekeza upande ambao usingeuendea ukiwa na siku nzima mikononi.

Ziweke kando rangi za mafuta kwa muda, pia kwa sababu mvuke wa tapentaini haufai katika chumba cha mtoto. Tafuta daftari linaloenea mkononi, penseli laini, na ukipenda, kisanduku kidogo cha rangi za maji. Kisha jifunze kwa John Constable, ambaye mwaka 1821 na 1822 alichora mfululizo wa picha za mawingu matupu akiwa Hampstead, London. Mawingu hayamngoji mtu, kwa hiyo ilimbidi afanye haraka kwenye vipande vidogo vya karatasi, na nyuma yake akawa anaandika siku, saa na upepo ulikotokea.

Mtoto aliyelala ni kama wingu. Utaanza sikio, naye atageuka; utaanza vidole vilivyokunjika kwenye shuka, navyo vitafunguka kabla hujafika kidole cha tatu. Usifute. Anzisha mchoro mwingine kando ya ule ulioukatisha, kwenye ukurasa huohuo, na akirudi katika mkao wa kwanza, kama watoto wafanyavyo, rudi nawe kwenye mchoro wa kwanza uliendeleze ulipoishia. Chini ya ukurasa andika saa. Ukishajaza daftari moja, niandikie tena, na ukiweza niambatishie ukurasa mmoja wenye vidole ambavyo hukuwahi kuvimaliza.