Usimpe Mgeni Ndege Ambaye Hukumwona: Kwa Waongozaji Wapya wa Watazama Ndege, Hifadhi ya Amani, Usambara

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya mmoja wenu kwenye njia ya msituni, nikiwa nimetumwa kumtazama anavyofanya kazi. Ndege mdogo alikatiza mbele yetu kutoka kichaka hadi kichaka, kwa muda wa kupiga chafya, na kabla mgeni hajainua darubini, kijana wetu alikuwa amekwisha kumtaja ndege huyo kwa jina, jinsia na umri. Sikumkosoa mbele ya mgeni kwa kuwa si adabu, lakini usiku ule sikulala vizuri, maana sauti niliyoisikia ilikuwa yangu mwenyewe ya miaka mingi iliyopita.

Historia mnaijua. Mnaweza kueleza hata mkiwa usingizini kwamba Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti hapa mwaka 1902, na kwamba hifadhi yetu ya msitu ilitangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380. Mnayasema vizuri kuliko mimi, na mgeni aliyekuja likizo Usambara huyasikiliza kwa heshima huku jicho lake likiwa juu ya mti. Nitakayoyasema mimi ni ya huko juu ya mti.

1. Rekodi ya sauti ya ndege, ya kumwita ajitokeze, ichezwe mara moja au mbili, kisha spika irudi mfukoni, na msimu wa viota isitoke kabisa. Ndege anayeitikia hakuja kukusalimu, amekuja kupigania mpaka wake, na kila dakika anayogombana na simu yako ni dakika ambayo halishi makinda. Wanaodhani hili ni jambo dogo wawaulize wazee wawili wa kazi hii, mmoja wao ni mimi, waliowahi kuwa kwenye pande mbili za bonde moja, kila mmoja akicheza rekodi ya ndege yule yule na kuwanong'oneza wageni wake kwamba dume anakaribia. Tulinyatiana kwa zaidi ya nusu saa. Tulipokutana kwenye mkondo wa maji, kila mmoja ameinua spika kama mtu anayeomba mvua, wageni walicheka kwa wiki nzima, na sisi tukasingizia mwangwi.

2. Ukiwa hukumwona vizuri, sema hukumwona vizuri. Hapa ndipo ninapotaka mkae chini.

Nilikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliyekuja kwa siku nne. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu, ambamo kila ndege alikuwa na mstari wake, tarehe yake na mahali pake. Kwa ndege mmoja tu alikuwa ameandika jina kabla ya kusafiri na kuacha mstari mtupu mbele yake. Alikuwa ndege mshonaji wa Usambara, Artisornis moreaui, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1931 na kupewa jina la Moreau, mtafiti aliyefanya kazi hapa hapa Amani. Mnamjua: wa kijivu, mdomo mrefu, mkia mrefu anaopenda kuuinua, mkaazi wa mimea itambaayo penye mianya na kingo za msitu. Nje ya milima hii hujulikana tu kaskazini mwa Msumbiji, kwa hiyo mgeni akimkosa hapa hana njia rahisi ya kumpata kwingine.

Siku tatu za mwanzo zilikwenda na mvua na ukungu. Siku ya nne, alasiri, tulisimama kwenye ukingo wa msitu, uso kwa uso na pazia la mimea itambaayo, tukakaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Karibu na saa kumi na moja majani yakatikisika. Akatokea ndege mdogo, mdomo mrefu mwembamba, mbele ya anga jeupe. Mnajua vilevile nilivyojua mimi kwamba mbele ya anga jeupe kila ndege ni wa kijivu. Nikasema, "Ndiye." Mama akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kama ninavyolijua jina langu.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu sehemu hii sikuwahi kuisema. Ndege yule aliruka. Aliporuka, kwa kitambo kidogo sana, mwanga ulimpata ubavuni, nikaona mgongo wa kijani na mkia mfupi. Nilijua pale pale kwamba ni mdomo-mrefu wa Kretschmer, ambaye huishi kwenye mimea hiyo hiyo na ambaye tulikuwa tumekwisha kumwona siku ya kwanza. Kosa la kwanza lilikuwa la macho, na macho husamehewa. Lakini mama alikuwa tayari ameinamia daftari, anajaza mstari ule kwa penseli, taratibu, kwa mwandiko wa ubaoni, na nilipofungua mdomo hakuna kilichotoka. Alipomaliza alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikapokea na bahashishi.

Usiku, mezani, mgeni mwingine aliyekuwa nasi alitoa kamera akakuza picha aliyoipiga. Mgongo ukaonekana wa kijani, mkia mfupi, jicho jeupe likitukodolea. Hakuna aliyesema neno. Mama aliitazama picha, akanitazama mimi, na nadhani usoni pangu alisoma kila kitu, kwa kuwa hakuuliza swali. Alichukua ukingo wa kadi, akauweka chini ya mstari ule, akaukata kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, ungeniambia mapema, tungebaki pale hadi giza." Nilijaribu kumrudishia fedha yake, akakataa, na kukataa kwake kuliniuma kuliko kama angenifokea. Asubuhi yake tulikuwa na muda wa kutosha kabla gari halijaja. Nilimgongea mlango saa kumi na mbili kamili, akanishukuru, akasema anafunga mizigo.

Basi yule kijana wetu wa wiki iliyopita asidhani ninamwonea. Nimemwita pembeni kwa sababu mgeni wake naye alikuwa na daftari.

3. Msikilizeni mramba, yule ndege mweusi. Kundi la ndege mchanganyiko likipita, mara nyingi mramba yumo, na kelele zake zitakufikia kabla hujaona unyoya.

4. Mkikuta siafu njiani, msiwapeleke wageni mbio upande wa pili wa mlima. Ndege wanaokula wadudu wanaokimbia siafu huja wenyewe hadi karibu, nanyi mnachotakiwa kufanya ni kusimama pembeni ya msafara na kuchomeka suruali ndani ya soksi. Niliwahi kusahau soksi. Wageni waliona ndege wanne wazuri, na waliona pia mambo ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

5. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, baadhi ya ndege wa juu mlimani hushuka, kwa hiyo orodha ya ndege wa Sigi, chini langoni mwa hifadhi, takribani mita 450 juu ya usawa wa bahari, isikaririwe kama wimbo wa mwaka mzima.

6. Chozi wa Amani, yule ndege mdogo mnyonya maua, hukaa juu kabisa ya miti, na shingo ya mtu aliye likizoni si ya chuma. Mlazeni mgeni chali kwenye turubai. Hondohondo wakipita kwa yale mabawa yao yenye mvumo, atawaona vizuri kuliko nyinyi mliosimama.

7. Kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu. Bebeni penseli, mbili.

Kesho tunaanzia Sigi saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla jua halijachomoza. Nitatembea nyuma tena, nimenyamaza, na atakayekuja na shati jeupe atabeba turubai.