Sinki liko chini, bomba la majitaka liko juu

Swali: Fundi, nyumba yangu ya Mlimwa iko mtelemkoni. Sinki la kufulia liko chumba cha chini, bomba la majitaka linapita mita moja juu yake. Nifanyeje? – Mama Neema, Dodoma

Jibu: Mama Neema, hapo ni pampu tu. Fukia pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani weka pampu ya majitaka yenye boya: maji ya sinki yakiingia pipani na kupanda, boya linanyanyuka, pampu inawaka na kuyasukuma hadi bomba la juu. Pipa litolewe bomba la hewa hadi juu ya paa. Na valvu ya kuzuia maji kurudi usiiache! Kwangu Kikuyu niliiacha, pampu ikasukuma maji yaleyale usiku kucha. Umeme ukikatika, fulia uani.