Usiniambie Tu Kwamba Riwaya Ni Nzuri

Ukimuuliza mtu kuhusu riwaya aliyoimaliza, mara nyingi utapata jibu moja kati ya mawili: ni nzuri, au inachosha. Yote mawili hayanisaidii kuamua kama niitafute au niiache. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma riwaya za karne hii, nyingine zikiwa zimetoka juzijuzi, na kuwaeleza wasomaji wenzangu nilichokiona ndani yake. Msimamo niliofikia ni kwamba maoni yanayofaa ni yale ambayo hata mtu asiyekubaliana nami anaweza kuyatumia. Nikiisifu riwaya, msikilizaji aweze kusema, "Kwa maelezo hayo, mimi haitanifaa," na awe na haki ya kusema hivyo.

Chukua Small Things Like These ya Claire Keegan, iliyotoka mwaka 2021. Ni kitabu chembamba, kurasa mia na kitu. Kinamfuata Bill Furlong, muuza makaa ya mawe katika mji mdogo wa Ayalandi, majuma ya kuelekea Krismasi ya mwaka 1985. Ana mke, mabinti watano, na biashara inayomtoa kitandani kabla ya mapambazuko. Siku moja anapeleka makaa kwenye nyumba ya watawa na kumkuta msichana ambaye hakukusudiwa aonwe. Nyuma ya hadithi kuna historia ya kweli: taasisi zilizoendeshwa na masista wa Kikatoliki, ambako wanawake na wasichana walifungiwa na kufulishwa nguo bila malipo. Ya mwisho ilifungwa mwaka 1996, na serikali ikaomba radhi rasmi mwaka 2013.

Naipenda sana riwaya hii, lakini kauli hiyo peke yake haimsaidii mtu. Kinachonishika ni jinsi Keegan anavyokataa kumfanya Furlong shujaa mapema. Anamwonyesha akipiga hesabu, akisitasita, akimsikiliza mkewe Eileen anayemwambia kwa utulivu kwamba mambo ya watawa hayawahusu. Eileen si mtu mbaya hata kidogo. Anayoyasema wengi wetu tungeyasema, na ndiyo maana yanauma. Halafu kitabu kinakoma mahali ambapo riwaya nyingine ingeanza. Mimi ukomo huo ulinitosha, kwa kuwa swali la kitabu ni kama mtu huyu atathubutu, na hilo linajibiwa. Lakini wewe unayesoma ili ujue uamuzi wa mhusika ulimgharimu nini baadaye, utafunga kitabu ukiwa na njaa. Nimekueleza jambo lilelile kama sifa yangu na kama onyo lako, na hapo nadhani maoni yamefanya kazi.

Lawama ninayoisikia kuliko zote ni "simpendi mhusika". Ni hisia halali, ila haijasema lolote kuhusu riwaya mpaka umeeleza mhusika huyo amewekwa pale kwa kazi gani. Mfano mzuri ni The Vegetarian ya Han Kang, iliyotoka Korea Kusini mwaka 2007. Mwanamke aitwaye Yeong-hye anaota ndoto za damu, kisha anaacha kula nyama, na familia nzima inatikisika. Sehemu ya kwanza inasimuliwa na mumewe, mwanamume aliyemwoa kwa sababu hakuona kwake jambo lolote la pekee. Hana huruma, hana udadisi, na kurasa zake zinakera. Najua watu walioiacha riwaya humo humo. Mimi nawaambia wavumilie, kwa kuwa ubaridi wa mume ndio ukuta ambao msomaji anapaswa kuugonga kwanza. Sehemu ya pili inamfuata shemeji, msanii anayemtamani; ya tatu inamfuata dada, na hapo ndipo maumivu yanapofunguka. Yeong-hye mwenyewe hapewi usimulizi, isipokuwa vipande vifupi vya ndoto. Kila mtu anamweleza na hakuna anayemjua. Ukifika kwa dada, ukimya wa Yeong-hye umeshakuwa mzito kiasi kwamba kila neno analolitoa linatetemesha.

Niliposoma The Promise ya Damon Galgut, iliyopata mwaka 2021 Tuzo ya Booker, tuzo ya Uingereza kwa riwaya za Kiingereza, nilikutana na ukimya wa namna hiyo, na safari hii haukuniridhisha. Riwaya inaihusu familia ya Wazungu wa Afrika Kusini wenye shamba karibu na Pretoria. Mama anakufa mwaka 1986, na kabla ya kufa mumewe anamwahidi kwamba Salome, mtumishi aliyemuuguza, atapewa nyumba anayoishi. Amor, binti mdogo, anaisikia ahadi hiyo. Kitabu kinagawanyika katika mazishi manne yaliyotawanyika kwa zaidi ya miaka thelathini, na ahadi inaendelea kudai.

Usimulizi wake ni wa ajabu na ninausifu bila kujizuia. Sauti ya msimulizi inaruka kutoka kichwa cha mtu mmoja hadi cha mwingine katikati ya sentensi, inamzungumzisha msomaji, inaingia hata ndani ya watu wanaopita tu. Ndiyo sababu nafasi ndogo aliyopewa Salome inanisumbua. Msimulizi huyu anaweza kuingia popote, na kwake haingii ila kwa mbali. Najua jibu la watetezi: Galgut amefanya hivyo makusudi, ili msomaji aone kwamba familia ile haikuwahi kumtazama mwanamke huyo kama mtu mwenye maisha yake. Riwaya yenyewe inadokeza kwamba kosa liko kwetu tusiouliza. Nalikubali kusudio. Ninachokataa ni kwamba kusudio likieleweka basi lawama imekwisha. Katika The Vegetarian ukimya unajenga, kila sehemu unazidi uzito. Katika The Promise ukimya wa Salome uko vilevile kwenye mazishi ya kwanza na ya tatu, na mimi nilianza kuuzoea, jambo ambalo ni hatari kwa riwaya inayotaka nisiuzoee. Mwingine atasema kuzoea huko ndiko mwandishi alikokutaka. Sawa, tubishane, maana sasa tuna kitu mkononi cha kubishania.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kama unaanza kutoa maoni, ni huu: taja mahali. Ukisema riwaya inachosha, sema inachosha wapi, na wewe ulikuwa unategemea nini hapo.

Hilo linaleta suala la kufichua mwisho, na watu wanalichukulia kirahisi mno, ama kwa kumwaga kila kitu au kwa kuogopa kugusa chochote kilicho baada ya sura ya kwanza. Unaweza kuusema mwendo wa mwisho bila kusema kinachotokea. Afterlives ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla hajapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Inaanzia enzi za Wajerumani katika pwani ya Afrika Mashariki, na watu wake wakuu ni Khalifa, karani mwenye maneno makali na moyo laini. Ilyas, aliyelelewa na Wajerumani na kuwaamini. Mdogo wake Afiya. Na Hamza, anayejiunga na jeshi la kikoloni kama askari na kurudi na jeraha. Sehemu ya katikati, Hamza anaporudi na kuanza kujenga maisha upya kazini na ndani ya nyumba ya Khalifa, ni miongoni mwa kurasa bora nilizosoma kwa Gurnah. Mapenzi yake na Afiya yanakua kwa mwendo wa watu walioumizwa: kidogo kidogo, kwa kutazamana, kwa kusubiri. Kisha sehemu ya mwisho inakimbia. Miaka mingi inapita katika kurasa chache, na jibu la swali lililotundikwa tangu mwanzo linafika kama ripoti. Sijakwambia jibu ni lipi. Umejua tu kwamba linakuja kwa kasi, na kwamba mimi ningetaka Gurnah akae nalo zaidi. Jibu lenyewe ni zito sana, na labda ndiyo sababu aliliweka kavu hivyo. Nimelifikiria mara nyingi na bado natamani kurasa zaidi.

Sadfa nayo hulaumiwa haraka. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya ya mwaka 2014 kuhusu familia zilizosambaratishwa na ghasia za baada ya uchaguzi, ndugu waliotenganishwa wakiwa wadogo wanakuja kukutana tena kwa bahati. Msomaji mmoja atasema haiwezekani. Mimi sina ugomvi na uwezekano, kwani duniani yanatokea ya ajabu kuliko hayo. Ninachopima ni uzito. Maafa ya Ridhaa, anayepoteza familia na nyumba kwa moto, yanatandazwa polepole, kumbukumbu juu ya kumbukumbu, hadi unayahisi mwilini. Kukutana kwa ndugu kunakuja kwa wepesi na hakuwadai wahusika kitu. Riwaya iliyonifundisha kulia kwa utaratibu ilipaswa kunifurahisha kwa utaratibu uleule. Hata hivyo ningempa mtu yeyote kitabu hiki kwa ajili ya sura zile za mwanzo pekee.

Tuzo zisikutishe. Orbital ya Samantha Harvey ilipata Booker mwaka 2024: watu sita katika kituo cha anga, saa ishirini na nne, mizunguko 16 kuizunguka dunia. Karibu hakuna msuko. Sentensi zake nyingi nilizirudia kwa raha tu ya kuzirudia, na kuna mwanaanga anayepata habari za kifo cha mamaye akiwa juu kule, asiweze kwenda kuzika. Ukihitaji mgogoro na kilele, huvipati hapa, na tuzo haitavileta. Tuzo inakuambia majaji walikubaliana nini. Wewe unaulizwa ulichokiona.

Mtindo usio wa kawaida utaje wazi, pamoja na muda uliokuchukua kuuzoea. Girl, Woman, Other ya Bernardine Evaristo, iliyogawana Booker ya mwaka 2019 na Margaret Atwood, ina wahusika wakuu kumi na wawili na karibu haina nukta. Sentensi zinamwagika kwa mistari iliyokatwa kama shairi. Mimi niliizoea ndani ya sura ya kwanza, na baada ya hapo nilihisi nasikiliza watu wakizungumza. Mtu anayesoma kwa macho yaliyochoka usiku anaweza kupotea, na anastahili kuambiwa kabla hajanunua.

Na kama umesoma tafsiri, mtaje mfasiri. Booker ya Kimataifa ya mwaka 2016 aliipokea Han Kang pamoja na Deborah Smith, aliyeileta The Vegetarian kwa Kiingereza, na ni haki, kwa kuwa mdundo wa sentensi nilizozisoma umepitia mikono ya watu wawili. Vivyo hivyo anayeisoma Paradise ya Gurnah kwa Kiswahili, yaani Peponi ya mwaka 2022, anamsoma Ida Hadjivayanis pia. Sifa ya lugha isiende kwa mtu mmoja wakati waliofanya kazi ni wawili.

Jambo la mwisho ni wakati wa kusema. Naandika maelezo mafupi nikiwa bado nasoma, hasa majina ya sura na hisia za papo hapo, lakini hukumu naichelewesha. Klara and the Sun ya Kazuo Ishiguro, ya mwaka 2021, inasimuliwa na mashine iliyotengenezwa iwe rafiki wa mtoto. Klara anaona kila kitu na haelewi yote, akiamini jua ni kiumbe anayeweza kuombwa. Nilipoimaliza, kilichonijaa ni huzuni ya kurasa za mwisho. Baada ya majuma kadhaa huzuni ilikuwa imetulia, na kilichobaki kikiwa hai ni zile sura za dukani, Klara akitazama mtaani kupitia dirishani na kujifunza binadamu kwa kuwakosea maana. Kama ningesema siku ileile, ningekusifia mwisho. Leo nakusifia dirisha, na nadhani hilo ndilo litakalokufaa zaidi, kwa sababu kama kurasa zile za mwanzo hazikushiki, hakuna haja ya kusubiri zilizobaki.

Riwaya niliyoiacha njiani nayo naizungumzia, mradi niseme kwamba niliiacha, nilifika ukurasa gani, na kitu gani kilinitoa. Ile niliyoiacha sitoi hukumu juu ya mwisho wake, hata kama wote walioimaliza wamenisimulia.