Barua za vijiji vya Wales: stempu usiibandue

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kukusanya historia ya posta ya vijiji vya Wales, na kama uzibandue stempu kwenye zile kadi za posta alizokuachia mwenye nyumba wako. Usithubutu! Mimi nilipohamia huku niliziloweka kadi kama arobaini kwenye beseni. Nikabaki na stempu za kijani za nusu peni za Mfalme Edward VII, ambazo bei yake ni ya pipi, na mihuri ya posta za vijiji imekatika, nusu kwenye stempu, nusu kwenye kadi. Kinachotafutwa ni muhuri, nao uwe mzima, pamoja na anwani na ujumbe wake.

Hadi 1918 kadi ilisafiri kwa nusu peni, kwa hiyo watu waliandikiana kama sisi tunavyotumiana meseji. Ninayo ya 1906: picha ya kanisa, muhuri wa duara wa mji wa Bala, na mistari minne ya Kiwelisi kwa penseli. Nikajua nimepata shairi. Bibi jirani akavaa miwani, akasoma, akacheka: mtu anamkumbusha dada yake aje na uzi mweusi Jumamosi.

Halafu tahajia za majina ya miji. Niliwahi kuongeza pesa nzuri kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa sababu muhuri uliandikwa Dolgelley, naye akadai ni kosa adimu. Kosa gani! Posta iliandika hivyo miaka na miaka, kwa mtindo wa Kiingereza. Leo ni Dolgellau. Portmadoc ndiyo Porthmadog, na Llanelly ilirudishwa kuwa Llanelli mwaka 1966.

Barua za kabla ya 1840, zisizo na stempu, ziache kwanza. Zina utamu wake (ile namba ya wino ni nauli, na mara nyingi alilipa mpokeaji) ila zitakumalizia mshahara.

Chagua bonde moja dogo. Mimi nina Tryweryn, juu ya Bala. Pale Frongoch kiwanda cha wiski kiligeuzwa kambi ya mateka Wajerumani, kisha mwaka 1916 wakaletwa Waairishi walioasi Dublin, akiwemo Michael Collins, aliyekuja kuwa kiongozi wa kupigania uhuru wa Ireland. Barua zao zilipitia kwa mkaguzi, na kwenye mnada wanunuzi kutoka Ireland watakupiku tu. Ukipanda zaidi palikuwa na Capel Celyn, kijiji chenye shule, kanisa na posta yake, hadi 1965 kilipofunikwa na bwawa la kuipa Liverpool maji. Bahasha ya pale naisaka mwaka wa sita sasa. Mzee mmoja alinionyesha yake, ameihifadhi ndani ya Biblia. Nikauliza bei, akaifunga Biblia.

Kadi zako zipige picha pande zote mbili uziweke hapa, tukusaidie kusoma mihuri. Na hilo beseni liweke mbali.