Kwa mwanangu, kuhusu ile "nteja"

Newala, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema kwenye usaili wa kazi ya kupokea simu za wateja walikupa karatasi uisome kwa sauti, na ulipofika kwenye "mteja wetu mpendwa" ikatoka "nteja wetu mpendwa". Dada aliyekuwa anaandika akainua uso, akatabasamu, akamwambia mwenzake, "Huyu wa Ntwara huyu." Baada ya hapo hawakukuuliza tena kitu cha maana. Ndipo ukaniuliza: "Mama, nijifunze kuongea kama watu wa Dar, au niachane na kazi za kuongea?"

Nianze na hiyo n, maana ndiyo iliyokuumiza. Tunasema kisu kibaya, lakini nyumba mbaya. Mti mrefu, lakini nyumba ndefu. Sauti ya puani huifuata konsonanti iliyo mbele yake: kwenye b midomo imefumba, inakuwa m, kwenye d ulimi umegusa ufizi, inakuwa n. Sekondari wanaita usilimisho, na mwanafunzi akiueleza vizuri anapewa alama. Mmakonde anaposema "ntu" au "ntoto" anafanya jambo hilohilo: t inatamkwa kwenye ufizi, basi na m yake inahamia hapo. Ilipofika mwaka 1928, wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakakubaliana kwamba Kiunguja, yaani Kiswahili cha Unguja, ndicho kitakachosanifishwa kwa ajili ya shule na vitabu. Walikuwa wanatafuta lahaja moja ya kuandikia. Hakuna aliyepima ulimi wa nani una akili.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Nikiwa na mwaka wa tatu kazini nilikuwa na kijana darasa la nne, mwepesi sana wa hesabu. Siku moja nilimsimamisha asome, akasema "nkulima". Nikamwambia, "M-kulima. Rudia." Akarudia, ikatoka vilevile. Nikamrudisha mara tano, darasa zima linacheka, na mimi sikulinyamazisha. Kitabu kilikuwa kinatetemeka mikononi mwake. Tangu siku hiyo hakunyoosha kidole tena, hata kwenye hesabu. Na mimi nikirudi nyumbani kwa bibi yako nilikuwa natamka kama yeye! Miaka mingi baadaye nilimkuta kwenye ghala la korosho, mtu mzima, nikamwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, hayo yameisha." Kwangu hayajaisha. Nawe nilikusahihisha hivyohivyo mezani, ukiwa mdogo, mbele ya wageni. Nisamehe, mwanangu.

Kuhusu hao waliokusaili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila au mahali alikotoka, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Lafudhi haikutajwa kwa jina, lakini yule dada hakuitaja lafudhi, aliitaja Mtwara. Mwajiri anaruhusiwa kudai kile ambacho kazi yenyewe inakihitaji kweli. Basi aeleze ni mteja gani asingeelewa "nteja". Ukionyesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 60. Sikulazimishi. Lakini andika leo hii tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, kabla hayajafifia.

Watu watakufariji kwa kukutajia Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyefika Ikulu. Mimi sikutajii. Mtu wa kusini hapaswi kuwa rais kwanza ndipo asikilizwe akipokea simu.

Swali lako lenyewe, basi. Ukitaka matamshi ya redioni, jifunze, nitakusaidia: fumba midomo kabisa, acha m isikike peke yake, halafu ndiyo uitoe t. Wiki mbili zinatosha. Jifunze kama ulivyojifunza kompyuta, uitumie kazini na kuifunga ukitoka. Ila usijifunze kwa kuichukia sauti uliyonyonya nayo. Na kazi za kuongea usiziache. Kuna mama wa Tandahimba ambaye hela yake ya korosho imekwama kwenye simu, amepiga na anaona haya kujieleza. Nataka yeye aisikie sauti yako.

Bibi yako ameniuliza jana, "Ntoto kashapata kazi?" Nimemwambia bado. Anataka umpigie mwenyewe, na umwongeleshe Chimakonde. Piga kabla ya saa mbili, siku hizi analala mapema.

Mama yako