Fundi Anajibu: Falcon ya Babu na V8 ya Dubai

Assalam alaykum Fundi. Marehemu babu yangu ametuachia Ford Falcon ya 1962, milango minne, usukani kulia. Injini ni silinda sita. Inawaka vizuri lakini kwenye kilima inanung'unika. Binamu yangu yupo Dubai, anasema atanipa V8 (injini ya silinda nane) ya Lexus, ile ya lita 4, kwa bei ya kindugu. Nataka niifanye kama wanavyofanya Wamarekani, gari ndogo injini kubwa. Niichukue?
A., Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Mwambie binamu asubiri, kisha chukua futi ufungue boneti. Kushoto na kulia ya injini utaona minara miwili ya bati, ndiyo inayobeba springi na shokapu za mbele. Kwenye Falcon springi inakaa juu ya mkono wa juu unaoshika gurudumu, kwa hivyo minara imeingia ndani na kuacha ujia mwembamba. Silinda sita za mstari zinakaa humo raha mustarehe. V8 ya Lexus ina kamshafti (vyuma vinavyofungua vali) mbili kila upande, kichwani ni pana mno. Itakubidi ukate minara, na gari hii haina chesisi ya peke yake: bodi ndiyo chesisi. Ukiikata pale, mbele yote inalegea.

Ford wenyewe walipotia V8 kwenye Falcon, 1963, walitumia ya lita 4.3 iliyo nyembamba, kamshafti moja tu katikati ya bloku. Mwaka uliofuata wakachukua mifupa hiyohiyo ya Falcon wakaivika bodi mpya, ikaitwa Mustang. Kwa hivyo gari ya babu yako ina ukoo, usiione hivyo.

Mimi ningebaki na sita. Sasa tazama upande wa kabureta: bomba la kugawa hewa halikufungwa kwa bolti, limesubiwa pamoja na silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), kipande kimoja. Hapo ndipo gari inapokabwa koo. Huwezi kulifungua ukaweka jingine lenye kabureta tatu, na mashabiki wa Marekani wamehangaika nalo miaka nenda miaka rudi. Wapo wanaopeleka hedi kwa mchonga vyuma, akasawazisha mdomo wa lile bomba na kufunga bamba la kubebea kabureta ya midomo miwili. Wengine wanaagiza hedi ya Australia, maana Ford wa kule, kwenye injini yao ya lita 4.1, walitoa hedi yenye manifoldi, yaani lile bomba la kugawa hewa, ya kufunguka. Gari ya Mmarekani, dawa yake Australia! Na yako, kwa kuwa usukani uko kulia, huenda hata ilizaliwa hukohuko. Walianza kuiunda 1960.

Lakini hayo yote baada ya breki, nakusihi. Master silinda yako, pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina chumba kimoja. Mpira mmoja wa kupitisha mafuta ya breki ukipasuka, tuseme wa gurudumu la mbele kulia, pedali inazama mpaka kwenye bati na magurudumu yote manne hayana kitu. Na wewe uko Pemba, vilima vitupu. Kwenye spea za gari za Japani hapa Unguja, master silinda ya vyumba viwili haikosekani, na fundi mwenye mkono atakutengenezea bamba la kuifungia. Mabomba ya breki usiyakague, yatupe, weka mapya. Chumvi ya pwani inayala kutokea upande wa juu, usipopaona. Kisha lala chini na bisibisi, gonga chini ya milango. Ikilia kama bati, sawa. Ikilia kama mkate, pesa ya kabureta inakwenda kwa mchomeleaji.

Fundi, Wamarekani wana magari makubwa ya kila namna. Kwa nini vijana wao wamependa hivi vigari vidogo?
Mwanafunzi wa skuli, Chake Chake

Kwa sababu vilikuwa vya mama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Volkswagen ilikuwa inawanyang'anya wateja, basi kwa mwaka 1960 kampuni zao kubwa tatu zikatoa gari ndogo kwa mpigo: Corvair, Falcon na Valiant. Ndogo kwa kipimo chao, maana Falcon ni kubwa kuliko Corolla uliyoizoea. Zilikuwa rahisi na hazina mbwembwe. Miaka kumi baadaye zimechakaa, mama keshanunua nyingine, na kijana anayo gari nyepesi ya bei ya kutupwa. Injini za V8 zimejaa kwenye magari mabovu. Hesabu ni hiyo: nguvu ileile, uzito mdogo.

Kichekesho ni Chevrolet Vega, iliyotoka 1970. Bloku ya aluminiamu, silinda zake hazina bitana ya chuma ndani. Ikichemka tu, inakunywa oili mpaka inakufa. Bodi zikabaki bila injini, na V8 ya Chevrolet ikaingizwa. Mwaka 1972 Bill Jenkins, dereva wa mbio fupi za magari, alikwenda na Vega ya namna hiyo Pomona, California, kwenye mashindano ya kufungua msimu, akawashinda wenye magari makubwa. Baada ya hapo nani angewashika vijana?

Fundi, niko Muscat. Kuna mtu anauza Ford Pinto ya 1974, bodi safi. Nataka kuileta Fumba niitie injini ya nguvu. Unasemaje?
S., Muscat

Injini tutazungumza baadaye. Pinto tangi lake la petroli liko nyuma ya difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma), na ikigongwa nyuma tangi linasukumwa kwenye bolti za difu, linatoboka. Watu wameungua. Mwaka 1978 Ford waliziita zirudi kutengenezwa gari karibu milioni 1.5, Pinto na pacha wake Mercury Bobcat, wakatia kinga ya plastiki mbele ya tangi na kurefusha bomba la kujazia mafuta. Inyanyue gari, ingia chini na tochi, tazama kati ya tangi na difu. Kama kinga haipo, usiiwashe hata kuijaribu mpaka uitie, na bei aliyokutajia ikate.