Kaka wa Kondoa aliyeniuliza kama atabaki mwanaume

Juzi usiku nimepokea meseji ya kaka mmoja wa Kondoa, ana miaka 57, amepangiwa oparesheni ya saratani ya tezi dume mwezi ujao na swali lake ni moja tu: "Mwalimu, nikitoka pale nitabaki mwanaume?" Nilikaa na ile simu mkononi mpaka mama watoto akaniuliza nani kafariki. Nilitaka nimjibu mistari miwili nikashindwa, kwasababu swali lile ndo lilinitafuna mimi mwaka mzima na sikuwa na wa kumuuliza. Kwahiyo kaka namjibu hapa, na nyie wengine mnaonifuata inboksi kimya kimya someni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma mjini, nina ekari mbili na nusu za zabibu kule Hombolo, kila mche nimeupanda kwa mikono yangu. Nikawa naamka usiku kukojoa mara nne mara tano, mkojo wenyewe unakatika katika, nikasema ni utu uzima. Kuna mtu akaniuzia unga wa mizizi, akaniambia unasafisha tezi, nikaunywa miezi saba. Miezi saba ndugu zangu! Pesa haijaniuma, kinachoniuma ni ule muda. Nilipokuja kupima damu, kile kipimo cha tezi dume wanachoita PSA, ilikuwa 18, ipo juu, wakachukua vinyama wakapeleka maabara, majibu yakarudi saratani, ila Mungu mkubwa ilikuwa bado imo ndani ya tezi haijatoka. Daktari akanieleza kuwa shida za mkojo kama zangu mara nyingi ni tezi kutanuka kwa umri, saratani yenyewe mwanzoni inakaa kimya kabisa, na ndo maana inatakiwa upime hata kama unakojoa vizuri.

Na tuache kusema "fulani ana tezi dume". Tezi dume kila mwanaume anayo, ipo chini ya kibofu imezunguka njia ya mkojo, na pembeni yake inapita mishipa ya fahamu inayosimamisha uume. Ukielewa hapo utaelewa yote yanayofuata, kwanini wakiitoa mkojo unasumbua na kwanini chumbani kunasumbua. Mimi nililielewa nimeshachelewa.

Ya chumba cha oparesheni, siku walipoitoa tezi yangu, sina cha kusimulia, nililala nikaamka. Siku ya kuruhusiwa nikapewa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi, basi, hakuna aliyekaa na mimi dakika kumi akanieleza naenda kukutana na nini nyumbani. Wiki mbili nina mpira wa mkojo na mfuko wake, navaa kitenge cha mama watoto maana suruali haiwezekani, kibofu kinabana ghafla mpaka nauma meno, mkojo unatoka na damu damu nikajua nimekwisha. Kumbe damu kidogo na ule mbano vinatokea kwa wengi. Kitu cha kukukimbiza hospitali ni mpira ukiacha kutoa mkojo, mabonge ya damu, homa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Nilitembea uani kila siku, kunywa maji mengi, kula mlenda na mapapai choo kiwe laini maana kujikamua ni vibaya, na wiki sita sikuinua hata ndoo.

Mpira ulipotolewa ndo nikaanza kulia. Mkojo hauna breki, nikisimama unatoka, nikikohoa unatoka. Wiki ya tatu nikajilazimisha kwenda msiba wa jirani, nimevaa pampasi moja nikidhani itatosha, kuinuka kwenye kiti nyuma kote kumelowa. Watu wengi waliangalia pembeni kwa heshima na nawashukuru. Ila jamaa yangu mmoja, tumefundisha shule moja zaidi ya miaka ishirini, mtoto wake nimembatiza mimi kama baba wa ubatizo, huyo ndo alienda kijiweni kusema mwalimu siku hizi ni mama, sio mwenzetu tena. Nikaletewa maneno yote. Sijamsamehe vizuri mpaka leo, naomba Mungu anisaidie, lakini siwezi kuandika hapa kuwa nimesahau wakati sijasahau.

Baada ya hapo nikajifungia. Kanisani siendi, shamba nikamwachia kijana, chumbani nikahama nikaenda kulala chumba cha watoto kwa kisingizio cha joto. Shuka zilizolowa nakunja naficha chini ya godoro nizifue mwenyewe usiku. Mama watoto hasemi kitu. Siku moja nikatoka kuoga nikakuta shuka zote zimeanikwa kwenye kamba, yeye amekaa kwenye ngazi, akaniambia "Baba, hizi shuka nimezijua tangu wiki ya kwanza, nilikuwa nasubiri uniambie. Nilidhani umenichoka." Ndugu zangu, mwenzangu alikuwa analia upande wake anadhani nina mwanamke nje, na mimi nalia upande wangu nadhani ananiona sifai, ukuta mmoja katikati! Tuliongea mpaka jogoo wa kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kupona, mimi nasema hivyo, mpira ulitoka mwezi wa tisa lakini kupona kulianza siku ya zile shuka.

Kliniki iliyofuata tukaenda wote, na yeye ndo aliuliza maswali niliyoyaogopa, mbele ya daktari, bila aibu. Tukajibiwa kuwa ile mishipa hata kama haijakatwa inakuwa imeshtuka, kuamka kwake inaweza kuchukua miezi mingi hata miaka miwili, na kwa wengine hairudi yote, inategemea umri, nguvu uliyokuwa nayo mwanzo, na kama daktari aliweza kuiacha. Shahawa hazitoki tena kwahiyo mtoto kwa njia ya kawaida hakuna, ila raha yenyewe ya tendo inabaki. Kuna vidonge, kuna pampu ya kuvuta damu. Vidonge ni vya kuandikiwa, usiende kununua kwa kujificha dukani, maana ukiwa unatumia dawa fulani za moyo vinaweza kushusha presha mpaka ukafa.

Kwahiyo kaka yangu wa Kondoa, jibu ni ndiyo, utabaki mwanaume, lakini nisikudanganye, sio yule yule. Mimi sasa hivi naelekea miaka miwili, imerudi kwa sehemu na kwa vidonge, na mimi na mama watoto tupo karibu kuliko miaka kumi iliyopita. Tulijifunza kushikana mikono upya uzeeni.

Mkojo nao ni mazoezi. Mazoezi ya nyonga, wanaita Kegel. Usianze mpira ukiwa ndani, subiri utolewe. Unakaza kama mtu anayezuia ushuzi mbele za watu, unahesabu mpaka tano, unaachia unahesabu tano, mara kumi, asubuhi mchana jioni, usibane pumzi wala kukaza tumbo na makalio. Ukitaka kukohoa au kuinuka, kaza kwanza. Chai na kahawa punguza, zilikuwa zinanimaliza. Wiki tatu sikuona kitu nikataka kuacha, mke wangu akawa ananisimamia kama mtoto wa darasa la kwanza. Fanya mazoezi. Mwezi wa tatu tangu mpira utolewe nikatoka pampasi nne kwa siku mpaka mbili, mavuno ya zabibu ya mwezi wa pili niliingia shambani na pedi moja, na mavuno ya mwezi wa nane nilisimama kutwa nzima na wavunaji, vumbi na upepo wa Hombolo, nikarudi nyumbani mkavu. Mkavu kabisa! Nilipaki pikipiki nikapiga magoti pale pale getini. Wengi wanakauka ndani ya miezi sita mpaka mwaka, kwahiyo mazoezi usiache.

Wanaume wa Dodoma, na wa Singida na Manyara mnaonisoma, tuache kuficha. Tunaficha mpaka tunakufa. Kipimo cha kidole, daktari anaigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, ni dakika moja tu, unavaa suruali yako unaondoka na heshima yako yote, na PSA ni damu tu ya mkononi. Kama baba yako au kaka yako aliumwa saratani hii, zungumza na daktari ukiwa na 40 au 45, usisubiri 60. Mimi niliwaita wadogo zangu na wanangu wa kiume sebuleni nikawaambia kila kitu, mpaka habari ya pampasi, na mdogo wangu anayenifuata amepima, PSA yake ilikuwa juu kidogo sasa wanamfuatilia. Angeyajulia wapi kama ningekaa kimya? Ningenyamaza kwasababu ya yule aliyenicheka kijiweni, pengine mdogo wangu angekuwa anasubiri kuzikwa.

PSA yangu ya kwanza baada ya oparesheni, wiki ya sita, ilikuja chini ya 0.1. Mwaka wa kwanza nilipima kila miezi mitatu, sasa kila sita, na kila usiku wa kuamkia kipimo silali, hilo nalo hawakukuambia na mimi nakuambia.

Kaka, nimekutumia namba yangu. Nenda na shemeji kliniki kabla ya oparesheni, mwambie leo usisubiri kesho, muulize daktari kama mishipa itaachwa, na nunua pampasi za watu wazima paketi mbili mapema uende nazo siku ya kutoa mpira. Kondoa ni lami mpaka mlangoni, nikitoka hapa alfajiri saa nne nipo kwako. Mama watoto amesema na yeye anakuja, ana mazungumzo yake na shemeji.